Kupima mng'ao wa karatasi ya picha: pembe sahihi, karatasi bapa, na yale ambayo namba haiyaoni

Pakiti mbili za karatasi ya picha zinaweza kuandikwa glosi, yaani ya kung'aa, zote gramu 260 kwa mita ya mraba, zote zikauzwa kwa bei inayokaribiana. Zilaze chini ya taa moja ya mrija na utaona tofauti. Ya kwanza inarudisha mstari wa taa ukiwa umenyooka na kingo zake kali. Ya pili inang'aa vilevile, lakini mstari umevimba, una ukungu pembeni na unatetemeka kama ganda la chungwa. Mteja atasema tu kwamba picha moja "imekaa vizuri" kuliko nyingine. Kazi ya anayepima ni kusema kwa nini, na kuweza kurudia kipimo hicho mwezi ujao pakiti nyingine ikifika.

Sura ya karatasi ya glosi ina mambo manne. Kwanza ni mng'ao wenyewe, yaani kiasi cha mwanga kinachorudi kwa pembe ileile uliyoingilia. Pili ni ukungu, mwanga unaosambaa kidogo kandokando ya mwako mkuu. Tatu ni ukali wa taswira, jinsi kitu kinavyosomeka kikiakisiwa juu ya karatasi. Nne ni mawimbi madogo ya uso. Kipima mng'ao cha kawaida hupima la kwanza tu. Wengi huishia hapo, ndiyo maana unakuta karatasi mbili zenye namba ileile na sura mbili.

Kuchagua pembe

Vipima mng'ao vingi vya mkononi vina pembe tatu: 20°, 60° na 85°, zikihesabiwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso. Viwango vinavyotumika ni ISO 2813 na ASTM D523. Vyote viliandikwa kwa ajili ya rangi za kupaka, lakini watu wa uchapaji wa picha huvitumia kila siku kwa sababu ndivyo vifaa vilivyopo. Utaratibu ni kuanza na 60°. Usomaji ukizidi vizio vya mng'ao (GU) 70, hamia 20°. Ukishuka chini ya 10, hamia 85°, ambayo ni ya karatasi ya mati, yaani isiyong'aa, na haina kazi kwenye glosi.

Kwa karatasi ya glosi ushauri wetu ni kupima 20° na 60° zote mbili na kuandika zote mbili. Pembe ya 60° haisumbui na namba zake hazichezi, lakini karatasi nzuri na karatasi nzuri sana zinabanana pale juu na huwezi kuzitofautisha. Pembe ya 20° ndiyo inayozitenganisha. Isitoshe, tofauti kati ya pembe hizo mbili ni habari yenyewe: karatasi yenye 60° kubwa lakini 20° iliyoanguka sana ina uso wenye vinundu vidogo au ukungu, hata kabla hujaitazama.

Inafaa kujua namba hizi zinatoka wapi, maana zinakupa dari. GU 100 ni mng'ao wa kioo cheusi kilichosuguliwa ambacho kiwango chake cha kupinda mwanga ni 1.567. Kioo hicho hurudisha takriban 4.9% ya mwanga kwa 20° na 10% kwa 60°. Tabaka la juu la karatasi za picha, liwe la jelatini au la plastiki, lina kiwango cha karibu 1.5. Ukipiga hesabu, uso wa aina hiyo uliolainika kikamilifu utasoma takriban 82 kwa 20° na 89 kwa 60°. Kwa hiyo karatasi tupu ikikusomea 97 kwa 20°, usifurahi. Safisha kigae cha kurekebishia, kile cha kioo cheusi kinachokuja na kifaa, na uanze upya.

Tahadhari moja kwa wanaosoma makaratasi ya watengenezaji. Viwanda vya karatasi hupenda kupima kwa 75°, kwa utaratibu wa TAPPI T480 au ISO 8254-1, ambapo kioo cha rejea ni cha 1.540. Namba hiyo huwezi kuilinganisha na 60° yako, na hakuna hesabu ya kuibadilisha. Ikiwa pakiti imeandikwa mng'ao bila pembe, ichukulie kama haikuandikwa.

Kutayarisha karatasi

Maabara za karatasi hufuata ISO 187: joto 23 °C na unyevu wa hewa 50%, karatasi ikikaa humo mpaka itulie. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hewa ya kawaida ina unyevu mwingi kuliko huo karibu mwaka mzima, na karatasi ya picha inaonyesha. Karatasi nyingi za kisasa ni kiini cha karatasi kilichofunikwa plastiki ya poliethilini pande zote mbili, kisha upande wa picha ukapakwa tabaka la kupokea wino. Tabaka hilo ama lina vinyweleo vya chembe za silika au alumina, ama ni polima inayovimba ikipata maji. Tabaka hunywa unyevu, poliethilini hainywi, basi karatasi inajikunja. Polima inayovimba hubadilika hata uso wenyewe.

Kama una chumba chenye kiyoyozi, toa karatasi kwenye pakiti, ziache zimetandazwa humo saa 24 huku kipimajoto na kipima unyevu vikiwa kando yake, na uandike vilivyosoma. Kama huna hali ya 23 na 50, jambo la maana zaidi ni kwamba karatasi zote unazolinganisha zikae chumba kimoja kwa muda uleule. Usilinganishe karatasi iliyofunguliwa leo na iliyolala mezani wiki nzima msimu wa masika.

Shika kingo tu, na vaa glovu za pamba au za nitrili. Alama ya kidole ni mafuta. Inajaza vinyweleo, na mahali hapo hapatasoma sawa tena hata ukipangusa. Karatasi yenyewe usiifute kwa kitambaa kamwe. Vumbi liondoe kwa kipulizio cha mpira, kile cha kusafishia lenzi. Pumzi ya mdomo huacha matone.

Toa karatasi tatu kutoka katikati ya pakiti. Ya juu na ya chini kabisa mara nyingi zina michubuko ya kusafirishwa.

Ubapa, mahali ambapo vipimo vingi huharibika

Kwa 20°, dirisha la kupokea mwanga ndani ya kifaa lina upana wa 1.8° tu, na taswira ya taa inayoingia humo ina 0.75°. Uso ukiinama kwa kiasi fulani, mwanga unaorudi hukengeuka mara mbili ya kiasi hicho. Ukifanya hesabu, mwinamo wa robo digrii unatosha kuanza kukata mwanga kwenye ukingo wa dirisha, na ukikaribia theluthi mbili ya digrii mwanga wote umeshatoka nje. Nusu milimita ya kuinuka kwenye urefu wa sentimita 10 ni takriban 0.3°. Karatasi iliyojikunja kidogo tu, ambayo jicho linaiona bapa, inaweza kukupa namba ya 20° iliyopotoka na isiyorudiwa. Kwa 60° dirisha ni la 4.4°, na hapo mwinamo mpaka karibu digrii moja huvumilika. Ndiyo sababu kuu ya watu kukimbilia 60°, na pia ndiyo dalili: ikiwa usomaji wa 60° umetulia lakini wa 20° unarukaruka mahali palepale, tatizo ni ubapa.

Weka karatasi juu ya sahani ya kioo nene, milimita 5 au 6, iliyofutwa. Meza ya mbao ina mawimbi. Zulia la mpira, kadibodi na kitambaa ndio wabaya zaidi, kwa kuwa uzito wa kifaa unaizamisha karatasi na uso unabonyea chini ya dirisha. Bana pembe nne kwa vipande vya chuma vilivyo mbali na eneo la kupima. Ikiwa una ubao wa kuvuta kwa hewa, wenye matundu madogo na pampu, tumia huo. Hakuna njia nzuri kuliko hiyo. Karatasi iliyojikunja usiinyooshe kwa kuikunja upande wa pili, kwani tabaka la silika hupasuka nyufa ndogo ambazo kipimo kitaziona.

Kurekebisha kifaa

Kila kipima mng'ao huja na kigae cheusi cha kioo chenye namba zake kwa kila pembe. Namba hizo si 100 kamili, na za 20° si sawa na za 60°. Zipo kwenye cheti. Washa kifaa, kiache dakika chache kipate joto la chumba, hasa kama kimetoka kwenye gari lililokuwa juani. Pangusa kigae kwa kitambaa cha mikrofaiba chenye tone la isopropanoli, kisha kwa kitambaa kikavu, na rekebisha. Baadaye fanya mambo mawili ambayo watu huyaruka. Soma sifuri kwa kuelekeza dirisha kwenye kisanduku kilichofunikwa mahameli nyeusi ndani, na utarajie 0 au jirani yake kabisa. Halafu soma kigae cha pili chenye mng'ao wa kati, ambacho hukitumii kurekebisha. Kigae cha kwanza kikisoma sawa na cha pili kikawa mbali na thamani yake, kifaa hakisemi kweli katikati ya kipimo na kinahitaji fundi.

Kigae kilichochubuka kinafanya kila karatasi ionekane inang'aa kupita kiasi, kwa sababu kifaa kinadhani mwanga hafifu unaorudi ndio thamani ya cheti. Kihifadhi kwenye kasha lake, uso usigusane na kitu.

Kupima karatasi tupu

Karatasi ina mwelekeo: nyuzi zimelala upande karatasi ilikokimbilia mashineni, na mipako nayo hupakwa kuelekea huko. Pima ukielekeza kifaa kwa urefu wa karatasi, kisha kizungushe 90° upime kwa upana. Chagua sehemu tano: katikati na karibu na pembe nne, sentimita 3 au zaidi kutoka ukingoni. Kwa karatasi tatu, sehemu tano na mielekeo miwili, una usomaji 30 kwa kila pembe. Shusha kifaa taratibu, usikiburute, maana kitako chake kinakwaruza na sehemu inayofuata itasoma mkwaruzo wako. Andika kila namba. Wastani peke yake unaficha karatasi yenye madoa.

Kwenye jedwali weka wastani wa kila mwelekeo, kubwa na ndogo ya kila karatasi, na tofauti kati ya karatasi na karatasi. Ikiwa mwelekeo mmoja unazidi mwingine waziwazi kila mara, huo ni mchirizi wa mpako au wa kalenda (roli za kiwandani za kulainisha karatasi), na utaonekana kwenye picha kubwa yenye anga tupu.

Jua pia kwamba karatasi nyeupe inajiongezea kidogo. Mwanga unaosambaa kutoka kwenye weupe wake unaingia dirishani hata kama si mng'ao. Ni takriban GU 1 kwa 20° na kama 2 kwa 60°. Si kosa la kifaa, ila ulikumbuke unapolinganisha nyeupe na nyeusi.

Kupima chini ya wino

Hapa ndipo karatasi inajidhihirisha, na ndiyo sehemu inayostahili muda wako zaidi. Hakuna anayetundika ukutani karatasi tupu.

Chapa ukurasa wa A4 wenye viraka 12 katika safu tatu za nne, kila kimoja kama sentimita 6 kwa 6.5: nyeupe isiyochapwa, kijivu cha 25%, 50% na 75%, nyeusi, samawati ya printa, majenta, njano, nyekundu, kijani, buluu, na kahawia ya ngozi. Hicho cha mwisho usikiache. Picha za pasipoti, harusi na mahafali huku kwetu ni nyuso za kahawia, na uso ndiko mwanga hafifu na mwanga mkali hukutana ndani ya sentimita chache. Mng'ao ukibadilika kati ya paji la uso na kivuli cha shavu, kila mtu ataliona.

Kwenye mpangilio wa printa chagua aina ya karatasi inayolingana na ile uliyoweka. Ukichagua karatasi ya kawaida, kiasi cha wino kitabadilika. Kwa printa za pigmenti (wino wa chembe ngumu) zenye wino mweusi wa aina mbili, hakikisha unatumika mweusi wa picha. Ule wa mati unakaa juu ya glosi kama masizi na hufutika kwa kidole. Acha ukurasa ukauke saa 24 ukiwa wazi. Wino unaweza kuonekana mkavu baada ya dakika mbili, lakini vimiminika vizito vilivyomo huendelea kutoka taratibu, na mng'ao hubadilika navyo.

Pima kila kiraka mahali patatu, kwa pembe zote mbili. Sasa toa kiraka chenye mng'ao mdogo kabisa kutoka kwenye chenye mng'ao mkubwa kabisa. Tukichukua mfano wa namba za kufanyia hesabu: nyeupe 60 kwa 20°, kijivu cha 50% 48, nyeusi 71. Tofauti ni 23, na hiyo ndiyo namba ya kumwambia mwenye studio, kuliko kumwambia 60 ya karatasi tupu.

Sababu ya tofauti hiyo iko kwenye wino. Wino wa pigmenti ni chembe ndogo ngumu zinazobaki juu ya uso pamoja na gundi yake. Penye wino kidogo, matone yametapakaa mojamoja na kuufanya uso uwe na vinundu, hivyo mng'ao unashuka. Penye wino mwingi, tabaka linaungana na mng'ao unaweza kupanda kupita wa karatasi yenyewe. Wino wa rangi iliyoyeyuka huzama ndani ya tabaka la kupokelea, kwa hiyo viraka vyake havitofautiani sana. Picha za maabara za kusafishia kwa kemikali zina rangi ndani ya jelatini, uso wake ni uleule penye nyeusi na penye nyeupe. Macho ya wateja wengi yamezoea huo, ndiyo maana tofauti ya pigmenti inawasumbua bila wao kujua jina lake.

Printa nyingine zina katriji ya majimaji yasiyo na rangi yanayojaza sehemu zisizo na wino. Kama yako inayo, chapa ukurasa mara mbili, pamoja nayo na bila yake, na pima tofauti zote mbili. Ikiwa namba haishuki, karatasi hiyo haiendani nayo.

Yale ambayo kifaa hakiyaoni

Ukali wa taswira unapimika kwa rula ya chuma. Simamisha rula ya sentimita 30 wima juu ya karatasi bapa, mwisho wenye sifuri ukigusa uso. Mwanga uangukie rula, si karatasi. Tazama kutoka umbali wa kama sentimita 40, ukiinama kiasi cha digrii 45, na usome mistari ya milimita ndani ya taswira iliyoakisiwa. Karibu na sifuri itasomeka kwenye karatasi yoyote ya glosi. Kadiri unavyopanda inafifia. Andika sentimita ya mwisho ambapo bado unaweza kutenganisha milimita moja na nyingine. Fanya hivyo juu ya nyeupe na juu ya nyeusi, na mtu wa pili arudie bila kujua ulichopata. Kioo cheusi kitakupa rula nzima. Karatasi nyingi zitakoma mapema, na mpangilio wa karatasi kutoka bora hadi hafifu utakuwa imara hata kama watu wawili hawatoi sentimita ileile.

Ukungu uangalie kwa tochi ndogo yenye nukta moja ya mwanga, chumba kikiwa na giza. Kwenye kiraka cheusi tazama mwako wa tochi. Weusi unapaswa kuanza mara moja ukingoni mwa mwako. Ukiwepo utando wa kijivu unaozunguka na kufifia polepole, huo ndio ukungu, na utapunguza kina cha vivuli kwenye picha yoyote.

Mawimbi yanaonekana kwa taa ya mrija: sogeza karatasi polepole huku ukitazama ukingo wa taa. Ukingo unaotambaa kama nyoka unaonyesha kwamba kiini cha karatasi kinajitokeza kupitia plastiki. Karatasi nyembamba ndizo zenye shida hii zaidi.

Kwenye samawati, buluu na nyeusi za pigmenti tafuta pia mwako wenye rangi ya shaba: mwanga mweupe unarudi ukiwa na wekundu. Kipima mng'ao hakitofautishi rangi, kitakuandikia namba nzuri kabisa. Piga picha ya mwako huo chini ya taa ileile kila mara na uiambatanishe na jedwali.

Mwisho, inamisha ukurasa uliochapwa ili mwanga upite karibu sambamba na uso. Nukta zilizopangwa mstari kwa umbali sawa ni meno ya magurudumu ya printa yanayosukuma karatasi. Mchirizi mweusi wa ukingoni ni kichwa cha printa kimegusa karatasi iliyojikunja. Kosa hapo ni la mashine au la unyevu, kwa hiyo usiliandikie karatasi.

Kumbukumbu

Kila jedwali liwe na jina la karatasi, gramu zake, namba ya toleo iliyo kwenye pakiti, printa, wino, mpangilio uliotumika, saa za kukausha, joto, unyevu, pembe na mwelekeo. Hifadhi ukurasa mmoja uliopimwa ndani ya bahasha isiyo na asidi, gizani, ukiwa na karatasi laini juu yake, na uupime tena kila unapopokea shehena mpya kabla hujagusa pakiti. Ukurasa huo ukisoma kama ulivyosoma zamani, basi mabadiliko utakayoyaona kwenye shehena mpya ni ya karatasi. Usiposoma hivyo, rudi kwenye kigae.